Dakika Kumi na Moja

Kazi yangu ni kuhesabu vidole.
Si vidole vyenyewe, alama zake tu:
kila kinapogusa kioo cha simu
hapa Tartu, au Võru, au kisiwani Hiiumaa,
mstari mmoja huongezeka kwenye jedwali langu.
Hauna jina. Una saa, una kitufe, basi.

Programu yetu huwakumbusha watu dawa.
Ina vipengele kumi na vinne.
Rangi ya usiku: asilimia sitini na mbili.
Kumtumia daktari taarifa: tisa.
Picha ya kidonge, ambayo Kaarel aliihangaikia
miezi minne hadi akakonda:
moja nukta tatu.
Nilimwonyesha. Akauliza kama nimehesabu vizuri.
Nikahesabu tena, kwa heshima tu.

Halafu kuna Nimemeza,
kitufe kipana cha kijani katikati ya skrini.
Februari kilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Liivi, mkuu wetu, alileta keki ya jibini.
"Watu wanakipenda," alisema, akilamba kisu.
Nikala kipande changu,
lakini kuna kitu kilinikwama kooni, na si keki.
Kidonge kimoja kwa siku, mibonyezo miwili.
Mtu hamezi dawa mara mbili ya alivyoandikiwa
mwezi mzima, akaendelea kubonyeza.

Usiku ule sikurudi nyumbani mapema.
Dirisha lilikuwa limeota barafu kwa ndani.
Niliiacha jumla, nikafuata mstari mmoja mmoja.

Saa tatu kamili usiku: Nimemeza.
Sekunde nne baadaye: Tengua.
Saa tatu na dakika kumi na moja: Nimemeza.
Kesho yake vilevile.
Keshokutwa vilevile.

Tengua, kile kitufe cha kijivu pembeni,
kidogo kama punje ya mtama,
tulichopanga kukifuta mwezi Machi.
Nani hutengua kumeza?

Nikazitazama zile dakika kumi na moja
kama dirisha lenye taa ng'ambo ya barabara.
Kuna mtu ndani. Anafanya nini?

Sheria hainiruhusu kubisha hodi.
Tukaandika ombi; kati ya watu elfu moja
saba wakakubali kupigiwa simu.
Wa tatu alikuwa Endel,
dereva mstaafu wa treni, kule Valga.

"Kengele yenu inalia kama breki za behewa la mizigo.
Helju wangu hulala saa mbili na nusu.
Basi nasema nimemeza, inanyamaza.
Ila sipendi uongo, hata kwa simu. Natengua.
Naenda jikoni na goti hili,
nachemsha maji, nasubiri yapoe, nameza.
Ndipo nasema kweli."
Akakohoa. "Kwani ninyi mlifikiri nini?"

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Mimi nilikuwa nahesabu kata inavyozama.

Jumatatu, mkutanoni, nikasema:
hatupendwi, tunazibwa mdomo
kama mtoto anayelia katikati ya ibada.
Liivi akafungua daftari.
"Sasa niwapelekee wawekezaji namba gani?"
Kumi na moja.
"Asilimia?"
Dakika.
Hakuandika kitu.

Hata hivyo Aprili tuliishusha sauti ya kengele,
na Tengua tukaiacha mahali pake.
Grafu ikaporomoka hadi nusu.
Kaarel akaja mbio na kikombe mkononi:
"Tumeharibu nini?"

Siku hizi, nikichelewa kazini,
huuona mstari mmoja wa saa tatu na dakika kumi na moja,
mmoja tu, hauna mwenzake.
Sijui ni wa nani. Sipaswi kujua.
Lakini hunyanyua macho kidogo,
kana kwamba mahali fulani birika limezimwa.

Safari hii hakuna aliyeleta keki.